Mwongozo wa Tiba Unataka Mtunzaji

Haya ni maelezo ya mazungumzo ya wiki kama yalivyosomwa redioni.



Mwaka 2008 nilimsindikiza shangazi yangu katika zahanati moja. Sitaitaja jina, kwani yaliyotokea pale yangeweza kutokea katika zahanati nyingine yoyote, na wahudumu wenyewe walikuwa watu wema. Shangazi alikuwa na homa na kizunguzungu. Wakati anapimwa, mimi nilikaa kwenye benchi, na kama ilivyo desturi ya mtu anayesubiri, nikaanza kusoma kila kilichobandikwa ukutani. Palikuwa na bango kubwa la matibabu ya malaria, limeshageuka rangi ya manjano, kona moja imeliwa na mchwa. Bango lile lilimwelekeza mhudumu aanze na klorokwini.

Nilishangaa. Tanzania iliacha kutumia klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ikaingia SP, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaja dawa mseto. Kwa hiyo bango lile lilikuwa limepitwa na mabadiliko mawili, si moja. Nikamwuliza muuguzi, "Dada, bango hili bado mnalifuata?" Akacheka. "Hilo la zamani, kaka. Tumeliacha kwa kuwa linaziba ufa." Nikamwuliza jipya liko wapi. Akasema, "Kitabu kipo. Kiko kabatini kwa mganga mfawidhi, ila ufunguo ameondoka nao, yuko semina."

Shangazi alipewa dawa iliyo sahihi, akapona. Lakini alitibiwa vizuri kwa sababu yule dada alikuwa na kumbukumbu nzuri. Je, kama angekuwapo mhudumu mgeni, siku yake ya kwanza kazini, asiyejua kwamba bango lile kazi yake ni kuziba ufa? Swali hilo halijanitoka hadi leo, na ndilo lililonifanya nichague mada ya wiki hii: miongozo ya tiba, na yale maghala makubwa ya miongozo hiyo yaliyowekwa katika mtandao wa intaneti ili daktari, tabibu au muuguzi aweze kuifikia bila kungoja ufunguo wa kabati.

Kwanza tuelewane. Mwongozo wa tiba ni kitu gani? Ni maandishi yanayomweleza mhudumu wa afya kwamba, mgonjwa akija na hali fulani, mpime hivi, mpe dawa hii kwa kipimo hiki, na ukiona dalili hizi mpeleke hospitali kubwa upesi. Mama mjamzito akipata kifafa cha mimba, apewe nini? Mtoto mwenye nimonia, anaweza kutibiwa nyumbani au alazwe? Mzee mwenye shinikizo la damu pamoja na kisukari, aanze na dawa ipi? Mwongozo mzuri hautokani na maoni ya profesa mmoja hata awe bingwa namna gani. Watu wa fani mbalimbali huketi pamoja, hukusanya utafiti uliofanywa katika nchi nyingi, huupima upi una nguvu na upi ni dhaifu, ndipo huandika ushauri. Na mwongozo mwaminifu husema wazi, hapa tuna uhakika, na hapa hatuna uhakika mkubwa.

Haja yake ni dhahiri. Utafiti wa tiba unachapishwa kila siku, tena kwa wingi ambao hakuna binadamu awezaye kuusoma wote. Daktari wa hospitali ya wilaya anayeona wagonjwa tangu asubuhi hadi jioni hana saa ya kupekua majarida. Lazima mtu mwingine amfanyie kazi hiyo ya kupekua na kuchambua, halafu ampe jibu fupi. Mtu huyo ndiye mwandishi wa mwongozo.

Lakini miongozo nayo ikawa mingi. Chama cha madaktari wa moyo kiliandika wa kwake, chama cha madaktari wa watoto kikaandika wa kwake, serikali ikaandika wake, na mara nyingine miongozo miwili ikapingana kuhusu ugonjwa ule ule. Ndipo likaja wazo la kuiweka yote mahali pamoja, ipangwe, ilinganishwe, na kila mwenye kompyuta aweze kuisoma. Hapo, msikilizaji, naomba twende Marekani, kwani ndiko lilikojengwa ghala kubwa la aina hiyo, na ndiko lilikofungwa. Habari yake ina mafunzo kwetu.

Mwaka 1989 serikali ya Marekani iliunda idara ya kuchunguza ubora wa huduma za afya. Moja ya kazi zake ilikuwa kuandika miongozo ya tiba. Kati ya mwaka 1992 na 1996 idara hiyo ilitoa miongozo 19. Mambo yalikwenda vizuri hadi ulipotoka mwongozo wa maumivu ya mgongo, mwezi Desemba 1994. Wataalamu walikuwa wamepima utafiti wote walioupata, wakasema kwamba maumivu ya mgongo ya ghafla, kwa watu wengi, hupungua yenyewe katika muda wa mwezi mmoja hivi, na kwamba ni wagonjwa wachache tu wanaohitaji kupasuliwa.

Fikiria maneno hayo yanasomwaje na daktari ambaye kazi yake ni kupasua migongo. Baadhi ya madaktari wa upasuaji wa mgongo walikasirika. Walisema uchambuzi ule una kasoro, wakapeleka malalamiko yao bungeni. Mwaka 1995 ilibaki kidogo idara ile ifutwe kabisa. Ilinusurika, lakini bajeti yake ikapunguzwa sana, na mwaka 1996 ikaacha kabisa kuandika miongozo yake yenyewe. Kosa la idara lilikuwa nini hasa? Ilisema jambo lililogusa mifuko ya watu.

Baada ya kuungua, idara ikatafuta kazi yenye moto mdogo. Ikasema, basi, wacha waandike wengine, sisi tutakusanya. Kwa kushirikiana na chama cha madaktari wa Marekani na umoja wa kampuni za bima ya afya, ikaanzisha ghala katika intaneti lililoitwa National Guideline Clearinghouse. Lilifunguliwa kwa wananchi mwezi Januari 1999. Hapakuwa na kiingilio. Daktari wa Chicago, mwanafunzi wa uuguzi na mgonjwa mwenyewe, wote waliingia kupitia mlango mmoja. Na kwa kuwa intaneti haina forodha, daktari aliyekuwa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, akiwa na simu inayofanya kazi na umeme haujakatika, naye aliweza kuingia.

Sasa, jambo lililonivutia zaidi katika ghala lile ni masharti yake ya mlangoni. Si kila karatasi iliyoitwa mwongozo ilipokelewa. Iliulizwa: umeandikwa na nani? Je, ni chama cha kitaalamu au ni taasisi ya serikali, au ni mtu mmoja na rafiki zake? Je, walipekua utafiti kwa utaratibu unaoeleweka? Na je, mwongozo huu umeandikwa au kupitiwa upya ndani ya miaka mitano iliyopita? Uliopita umri huo bila kupitiwa, uliondolewa. Wafanyakazi wa ghala waliufupisha kila mwongozo kwa mpangilio mmoja, hata ukaweza kuweka miwili bega kwa bega na kuona inakubaliana wapi na inapishana wapi.

Mwaka 2011 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu miongozo inayostahili kuaminiwa. Ripoti hiyo ilisema, pamoja na mengine, kwamba waandishi wa mwongozo watangaze kama wanapokea fedha kutoka kwa kampuni za dawa au kwa yeyote mwenye maslahi. Ghala nalo likaimarisha masharti yake mwaka 2014, likadai ushahidi zaidi wa jinsi utafiti ulivyopekuliwa. Kwa maneno mengine, mlinzi wa mlangoni akawa mkali zaidi. Na mlinzi mkali, wasikilizaji, ndiye thamani ya ghala. Ghala linalopokea kila gunia bila kulifungua, baada ya muda hujaa mahindi yenye fukusi.

Halafu ikaja tarehe 16 Julai 2018. Siku hiyo ghala lilifungwa. Fedha za kuliendesha zilikwisha, na serikali haikutoa nyingine. Kwa mujibu wa habari za wakati ule, gharama yake ilikuwa kiasi cha dola milioni 1.2 kwa mwaka. Kwetu ni fedha nyingi. Kwa serikali ya Marekani, ni tone katika bahari. Kwa tone hilo, kazi ya karibu miaka 20 ikatoweka katika mtandao. Daktari aliyezoea kufungua ukurasa ule akakuta tangazo la kwaheri.

Taasisi isiyo ya kibiashara iitwayo ECRI, ambayo ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi za ghala kwa mkataba wa serikali, haikukubali ujuzi ule upotee. Kabla ya mwaka 2018 kwisha ilikuwa imeanzisha ghala lake la miongozo. Lakini kilichokuwa mali ya umma kikawa kimetegemea huruma ya taasisi. Na zipo huduma nyingine, nzuri tu, zinazotoa ushauri wa tiba katika mtandao kwa malipo. Mwenye kulipa hupata, asiye na cha kulipa hutazama dirishani.

Najua msikilizaji wangu mmoja huko Temeke au Kisumu anajiuliza, hayo ya Marekani yanatuhusu nini? Wao wamefunga ghala, sisi hata bango jipya hatuna. Ni swali la haki. Nitalijibu kwa kurudi nyumbani, kwani nyumbani ndiko tunakoona kwamba mwongozo uliochelewa unahesabika kwa makaburi.

Chukua malaria kali kwa watoto. Kwa miaka mingi dawa ya kuokoa maisha ilikuwa kwinini ya sindano. Wazazi wote wa umri wangu wanaikumbuka, na masikio yaliyokuwa yakivuma baada yake. Kisha utafiti mkubwa ukafanywa katika nchi tisa za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, ukahusisha watoto 5,425. Nusu walipewa kwinini, nusu wakapewa sindano ya atesuneti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Waliopewa kwinini, walikufa asilimia 10.9. Waliopewa atesuneti, asilimia 8.5. Ukiliweka hilo kwa hesabu ya sokoni, katika kila watoto 1,000 wenye malaria kali, watoto 24 zaidi walibaki hai kwa kubadilisha dawa tu. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake, likasema atesuneti ndiyo iwe ya kwanza kwa watoto pia.

Sasa jiulize. Tangu siku matokeo yale yalipochapishwa hadi siku muuguzi wa kituo cha afya cha mbali alipoyapata, ilipita miezi mingapi? Na katika miezi hiyo waliletwa watoto wangapi usiku, migongoni mwa mama zao? Dawa yenyewe bila shaka ina habari yake ya bei na usafirishaji. Lakini hata dawa ikifika, asiyepata mwongozo ataiacha katika boksi na kuchukua aliyoizoea.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, kwani unaonyesha mwongozo wenyewe ukikosea. Kwa miaka mingi wataalamu wa dunia walifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vizuri, mikono imekuwa baridi, anahema kwa shida, apewe maji ya dripu kwa wingi na kwa haraka. Ilionekana ni jambo la akili ya kawaida. Watafiti wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi, Kenya, wakaamua kulipima. Walifanya kazi katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, na waliwagawa watoto zaidi ya 3,000 katika makundi. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Katika saa 48 za kwanza, makundi yaliyopewa maji ya haraka yalipoteza watoto zaidi kidogo ya asilimia 10. Kundi ambalo halikupewa maji ya haraka lilipoteza asilimia 7.3. Tiba iliyokuwa imeandikwa vitabuni ilikuwa ikiua.

Hapa naomba nieleweke vizuri, hasa na kina mama wanaonisikiliza. Utafiti ule haukuwahusu watoto waliopungukiwa maji kwa kuharisha. Mtoto anayeharisha anahitaji maji, na dawa ya chumvichumvi ya kuchanganya na maji bado ni mkombozi. Mtu asiondoke hapa akasema mtangazaji amekataza dripu. La hasha. Ninachosema ni kwamba hata mwongozo uliotungwa na mabingwa wa dunia unaweza kuwa na kosa, na kosa hilo likagunduliwa na hospitali za kwetu, na baada ya kugunduliwa kila nakala ya zamani iliyobaki mezani inakuwa hatari kwa mtoto.

Hivyo basi ubora wa ghala la miongozo katika mtandao uko wapi? Wengi wanadhani uko katika wingi wa maandishi yaliyomo. Mimi nadhani uko katika wepesi wa kusahihisha. Kitabu kilichochapishwa hakiwezi kujisahihisha. Kikishasambazwa wilayani, kila nakala inaishi maisha yake, na hakuna mtu atakayezunguka nchi nzima kuzikusanya. Ukurasa wa mtandaoni ukibadilishwa leo, atakayeufungua kesho ataukuta mpya. Shirika la Afya Duniani limelitambua hilo. Mwezi Februari 2021 lilikusanya ushauri wake wote wa malaria, uliokuwa umetawanyika katika maandishi mbalimbali, likauweka mahali pamoja katika mtandao, na kila ushahidi mpya ukipatikana sehemu inayohusika hubadilishwa bila kungoja kitabu kizima kiandikwe upya. Huo ni mwongozo unaoishi.

Lakini kitu kinachoishi kinataka kulishwa. Kinataka watu wa kusoma utafiti, watu wa kuandika, watu wa kuhakikisha mtambo unafanya kazi. Hao wote wanataka mshahara. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata daftari lenyewe hupotea kama hakuna karani. Wamarekani walikuwa na daftari, tena zuri, wakamwachisha kazi karani.

Sasa tutazame upande wa pili, kwani haifai kuzungumza kana kwamba mtandao ni dawa ya kila ugonjwa. Wako madaktari wasioipenda miongozo. Wanasema inageuza udaktari kuwa upishi wa kusoma kitabuni, chumvi kijiko kimoja, mafuta vijiko viwili. Mgonjwa, wanasema, si pilau. Wana hoja. Mzee mwenye maradhi manne hawezi kutibiwa kwa kubandika miongozo minne pamoja, kwani dawa ya huyu inaweza kumdhuru kwa ugonjwa ule. Nahodha mwenye ramani bado anatakiwa kutazama bahari. Hata hivyo, sijawahi kusikia nahodha aliyesifiwa kwa kutupa ramani majini. Daktari mzuri anaujua mwongozo, na anapouacha anajua kwa nini ameuacha, na anaandika sababu hiyo katika faili la mgonjwa.

Hoja ya pili dhidi ya mtandao ni kwamba maandishi peke yake hayamtibu mtu. Hili nalo limepimwa, tena Kenya. Hospitali nane za wilaya zilihusishwa. Zote zilipewa miongozo ya kutibu watoto waliolazwa. Nne kati yake zilipewa maandishi na semina fupi ya siku moja na nusu, na taarifa za maandishi kuhusu kazi yao. Nne nyingine zilipewa mafunzo ya vitendo ya siku tano na nusu, msimamizi aliyewatembelea, mtu wa hapo hapo hospitalini wa kuwakumbusha, na taarifa zilizojadiliwa ana kwa ana. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kwamba hospitali za kundi la pili ziliboresha huduma zaidi, ikiwa ni pamoja na kutoa dawa kwa vipimo sahihi. Karatasi ile ile ilifanya kazi zaidi ilipofuatwa na mtu.

Kwa hiyo anayedhani kwamba akishaweka miongozo katika intaneti amemaliza kazi, anajidanganya. Muuguzi wa zamu ya usiku, mwenye wodi ya vitanda 30 na wagonjwa 50, hawezi kuanza kutafuta ukurasa kwa simu yake binafsi, kwa vifurushi alivyonunua kwa fedha yake mwenyewe. Mtandao unakatika. Simu inazima chaji. Na ukurasa ukifunguka, anakuta maandishi marefu yaliyoandikwa kwa ajili ya hospitali yenye vipimo ambavyo yeye hajawahi kuviona. Mwongozo wa Marekani unaosema "piga picha ya mashine kubwa" haumsaidii tabibu ambaye mashine iliyo karibu naye iko umbali wa safari ya siku nzima.

Ndiyo maana miongozo ya dunia lazima ipikwe upya katika jiko la nyumbani. Tanzania inao Mwongozo wa Taifa wa Matibabu, unaotolewa pamoja na orodha ya dawa muhimu. Toleo la mwaka 2017 lilifuatwa na la mwaka 2021. Kenya inayo miongozo yake ya kutibu watoto, kijitabu kidogo kinachoingia mfukoni mwa koti, na waliokitunga walifahamu kwamba muuguzi hana muda wa kusoma gazeti zima. Hizo ni kazi za kujivunia. Tuna wataalamu wa kuandika. Tunachopaswa kujiuliza ni kama tuna utaratibu wa kutunza tulichoandika.

Naomba nitaje mambo manne, tena madogo, ambayo hayahitaji mkopo wa benki ya dunia.

La kwanza ni tarehe. Kila bango na kila ukurasa wa tiba uandikwe kwa herufi kubwa umetolewa lini na utapitiwa upya lini. Tunanunua maziwa ya pakiti na kutazama siku ya kuharibika, lakini tunabandika ushauri wa kuokoa maisha ukutani bila kuuliza utaharibika lini.

La pili ni kuondoa cha zamani. Mwongozo mpya ukifika kituoni, anayeupeleka asiondoke bila ule wa zamani mkononi, hata kama unaziba ufa. Ufa tutauziba kwa saruji.

La tatu ni nakala iliyo ndani ya kifaa. Mwongozo wa taifa uweze kupakuliwa mara moja na kukaa katika simu au kompyuta ya kituo, usomeke hata mtandao ukikatika, na mtandao ukirudi ujilinganishe na ule ulioko wizarani. Vijana wetu wa kompyuta wanatengeneza mambo magumu kuliko hayo kila siku.

La nne, na ndilo kubwa, ni fungu la mtunzaji. Mara nyingi mradi wa mwongozo huanza kwa fedha za mfadhili. Pana uzinduzi, pana fulana, pana mgeni rasmi. Baada ya miaka mitatu mfadhili anaaga, na ukurasa unabaki kama nyumba ya urithi isiyo na mrithi, taa zimezimwa, mlango uko wazi, na mpita njia hajui kwamba wenyewe walishahama. Mimi nasema ukurasa wa namna hiyo ni hatari kuliko ghala lililofungwa. Wamarekani angalau walifunga mlango, na kila mtu akajua pamefungwa. Ukurasa uliotelekezwa unaendelea kutoa ushauri wa jana kwa sauti ya leo. Basi katika bajeti ya afya iwepo mistari miwili mitatu ya kumlipa mtu ambaye kazi yake ni moja tu: kuhakikisha kwamba mwongozo ambao muuguzi anausoma leo ndio ambao wataalamu wanaukubali leo. Na mtu huyo alindwe na kelele za wenye maslahi, kwani mwongozo ukisema dawa fulani haina faida, muuza dawa hatakaa kimya, kama wapasua migongo wale hawakukaa kimya.

Na sisi wananchi je? Tunalo la kufanya. Unapokuwa mbele ya daktari, kuuliza si utovu wa adabu. Mwulize kwa heshima, "Daktari, mwongozo unasemaje kuhusu tatizo langu hili?" Daktari mzuri hatakasirika. Atafurahi kwamba ana mgonjwa anayefikiri. Lakini tusifanye kinyume chake, tukasoma ukurasa mmoja katika simu na kwenda kumfundisha daktari kazi, au mbaya zaidi, tukapitia duka la dawa na kujitibu wenyewe. Miongozo hii imeandikwa kwa ajili ya watu waliosomea kuitumia. Sisi haki yetu ni kujua kwamba ipo na kwamba ni ya leo.

Shangazi yangu bado yu hai, namshukuru Mungu. Nilipomweleza kwamba nitazungumza habari za bango lile redioni, aliniambia jambo moja. Alisema yeye siku ile hakuliona kabisa, kwani kichwa kilikuwa kinamzunguka. Alimtazama tu yule dada machoni, akaona anajua anachofanya, akatulia. Ndivyo wagonjwa tulivyo wasikilizaji. Hatusomi kuta. Tunaamini kwamba anayetushika mkono amesoma, na kwamba alichosoma si cha jana. Imani hiyo ni amana, na wenye dhamana ya kuitunza wanajijua.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Kwaherini.